Gari Limegoma Kuwaka: Sikiliza Kwanza, Spea Baadaye

Gari linapogoma kuwaka, mara nyingi jibu limo ndani ya sekunde tatu za kwanza za kuzungusha ufunguo. Wengi tunazipoteza. Tunazungusha tena na tena mpaka betri inalala, ndipo tunampigia fundi na kumwambia, "Gari haliwaki, njoo haraka." Akifika, ile dalili ya mwanzo imeshafutika. Kuanzia hapo ni kubahatisha, na anayelipia kubahatisha ni mwenye gari.

Mimi nililipia hilo kwa Toyota IST yangu, hapa Dar es Salaam. Asubuhi moja nilizungusha ufunguo nikasikia mlio mmoja tu, "tak", basi. Gereji moja ikaniambia, "Bosi, stata imekufa." Nikanunua stata ya mtumba (stata ni mota inayozungusha injini ili iwake), ikafungwa, gari likawaka. Siku ya nne likarudia "tak" ileile. Safari hiyo alikuja fundi umeme wa mtaani kwetu na mita yake ndogo. Aliweka ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, akaniambia, "Piga stata." Mita ikapanda hadi volti 2 na ushee. Stata hakuigusa kabisa. Alichana ganda la waya wa ethi, ule unaounganisha hasi ya betri na chuma cha gari, kwa wembe, na ndani nyuzi za shaba zilikuwa zimegeuka unga wa kijani. Zilizobaki nzima zilikuwa za kuhesabu. Gari liliwaka zile siku nne kwa sababu wakati wa kufunga stata waliufungua waya huohuo na kuukaza upya, ukashika kwa muda.

Utaratibu ninaoueleza hapa nimeupanga kwa magari ya petroli ya Kijapani yaliyojaa barabarani kwetu, hasa yale ya injini ya 1NZ-FE ya cc 1500: IST, Probox, Raum na Corolla nyingi. Kwa magari mengine mpangilio wa kufikiri haubadiliki, kinachobadilika ni mahali kifaa kilipofungwa.

Kabla ya kufungua boneti

Vuta handibreki, weka gia P. Zima redio, feni na taa. Kisha weka ufunguo ON bila kupiga stata, uangalie dashi kwa utulivu.

Taa zote zikiwa zimekufa au zinafifia, tatizo ni umeme: betri, nguzo zake au fyuzi kubwa. Zikiwaka vizuri, tafuta taa ya cheki injini. Hii ni lazima iwake ufunguo ukiwa ON, hata kama gari ni zima. Isipowaka, na unajua kwamba zamani ilikuwa ikiwaka, huenda kompyuta ya injini haipati umeme, na kituo chako cha kwanza ni fyuzi na rilei (swichi ndogo ya umeme) iliyoandikwa EFI, yaani mfumo wa mafuta wa injini. Watu wengi huruka hatua hii, nami naiona ni ya thamani kuliko vifaa vingi vya kupimia.

Tazama pia taa yenye alama ya ufunguo au kufuli. Ikipepesa kwa kasi wakati ufunguo uko ON, gari halijautambua ufunguo wako. Jaribu ufunguo wa akiba. Ufunguo uliochongwa mtaani bila chipu unaweza kuzungusha stata vizuri kabisa na injini isishike, au ishike sekunde moja mbili na kuzima.

Kama gari lako ni la kubonyeza kitufe, kanyaga breki na umwombe mtu aangalie taa za nyuma. Zisipowaka, swichi ya breki au fyuzi yake ndiyo inayokuzuia, maana gari halijui kwamba umekanyaga. Betri ya rimoti ikiwa imeisha, gusisha rimoti yenyewe kwenye kitufe kisha ubonyeze. Magari mengi yataisoma hivyo.

Sasa piga stata mara moja, sekunde tano, usizidishe. Sikiliza, kisha nenda kwenye sehemu inayofanana na ulichosikia.

Ta-ta-ta-ta, au injini inajikokota

Milio ya haraka mfululizo ina maana umeme upo lakini hautoshi. Stata inajaribu kushika, volti zinaanguka, inaachia, inajaribu tena. Injini inayozunguka kwa kulegea ni ugonjwa huohuo katika hatua ya mapema.

Anza na macho. Shika kila kishikio cha waya kwenye nguzo za betri ukijaribu kukizungusha kwa mkono. Kikicheza hata kidogo, umeshapata wa kwanza kumshuku. Unga mweupe au wa kijani kwenye nguzo nao huzuia umeme. Fungua kwa spana namba 10, hasi kwanza, chanya baadaye. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza, hasi mwisho. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, itapiga shoti ya kutisha. Vua pete na saa ya chuma, na usivute sigara hapo: betri ikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Mwagia maji ya moto yaliyochanganywa na baking soda ya jikoni, sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, kausha, kaza, kisha paka vaselini kwa juu.

Kama una mita, na nakushauri uwe nayo kabla hujanunua kingine chochote, pima betri gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa. Betri iliyojaa husoma kama volti 12.6. Ikiwa 12.4 bado ina robo tatu, 12.2 ni nusu, na chini ya 12 iko karibu tupu. Kipimo cha kweli, hata hivyo, ni wakati wa kupiga stata: zisishuke chini ya 9.6. Betri inayosoma 12.5 ikiwa imetulia kisha inaanguka hadi 7 unapopiga stata imechoka ndani, na kuichaji ni kuahirisha tu.

Kuibusti, yaani kuiazima umeme kutoka betri ya gari jingine, kuna mpangilio wake. Waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha yake ya pili kwenye chanya ya betri nzima. Waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho ibane kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri, ili cheche isitokee juu ya ile gesi. Subiri dakika tano ndipo upige stata. Kusukuma gari na kuachia klachi kwenye gia ya pili kunafaa kwa gari la gia za mkono pekee. Gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, hata wasukumaji wakiwa kumi.

Likishawaka, pima tena kwenye betri injini ikiwa inanguruma: unatafuta volti 13.8 hadi 14.5. Ukipata 12 na kitu, oltaneta haichaji, na betri mpya utakayonunua italala vilevile baada ya siku mbili.

Kama oltaneta ni nzima, betri ni nzima, na bado kila asubuhi imelala, kuna kitu kinachonyonya umeme usiku. Kwetu mara nyingi ni vifaa vilivyofungwa baadaye: alamu, redio yenye skrini, kamera ya kioo cha mbele, kifaa cha kufuatilia gari. Fungua waya hasi, weka mita katikati ya waya na nguzo kwenye kipimo cha ampea 10, funga milango, subiri nusu saa au zaidi mpaka mifumo ya gari ilale. Kawaida ni chini ya ampea 0.05. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Saketi ya fyuzi hiyo ndiyo yenye mnyonyaji. Usipige stata mita ikiwa hapo, utaiunguza.

Tak moja, kisha kimya

Hapa ndipo stata nyingi zinapobadilishwa bila hatia, kwa hiyo tuende polepole.

Washa taa kubwa za mbele, zielekee ukutani, kisha piga stata ukiangalia mwanga. Zikififia karibu kuzima wakati wa "tak", umeme mwingi unahitajika na haupatikani: rudi kwenye betri na nguzo. Inawezekana pia stata au injini yenyewe imekwama, ndiyo maana inavuta umeme wote. Taa zikibaki na mwanga uleule, umeme mkubwa haupiti kwenye stata. Sababu ni mbili kuu: waya mbovu, au vipande vya shaba vinavyopitisha umeme ndani ya stata vimelika. Stata za Denso zilizofungwa kwenye Toyota nyingi zina vipande hivyo vya shaba, vinalika polepole kila unapowasha gari, na dalili yake ni hii: mara inagoma, mara inashika, mpaka siku inagoma moja kwa moja. Fundi stata hubadilisha vipande hivyo peke yake kwa gharama ndogo sana kuliko stata nzima. Muulize kabla hajakutajia bei ya stata.

Kujua kama kosa ni la waya au la stata, fanya kama yule fundi wa mtaani kwetu. Mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye nguzo hasi yenyewe (siyo kwenye kishikio), nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, mtu apige stata. Ukisoma chini ya 0.5, waya wa ethi unafaa. Zaidi ya hapo, unakula umeme njiani. Rudia upande wa pili: nguzo chanya hadi bolti nene ya stata. Kipimo hiki hakihitaji kufungua kitu, na kinapima waya ukiwa kazini. Ukiupima umetulia, hata waya uliobaki nyuzi mbili utaonekana mzima.

Ukiwa njiani huna kifaa, weka gia P, mtu apige stata huku wewe ukigonga mwili wa stata taratibu kwa mpini wa spana. Ikishika, nenda moja kwa moja kwa fundi. Hiyo ni ruhusa ya mara moja au mbili.

Kimya kabisa, lakini taa zinawaka vizuri

Amri ya kupiga stata haifiki. Kwenye otomatiki, sogeza gia N ujaribu tena. Likiwaka N na kugoma P, swichi ya gia inayozuia gari kuwaka likiwa gia ya kutembea imechoka au imehama. Kwenye gia za mkono zenye swichi ya klachi, kanyaga hadi mwisho kabisa. Baada ya hapo angalia fyuzi iliyoandikwa ST au AM2, na rilei ya stata. Rilei inapimwa kirahisi kwa kubadilishana na ya honi, ilimradi namba zilizoandikwa juu na miguu yake vifanane.

Inazunguka vizuri, haishiki

Betri na stata ziko nzima, usiziguse tena. Injini ya petroli inataka mafuta, moto kwenye plagi, hewa iliyobanwa, na vyote vitokee kwa wakati wake.

Sikiliza mzunguko wenyewe kwanza. Injini nzima inazunguka kwa mdundo, kila silinda ikibana unasikia uzito wake. Ikizunguka nyepesi, kwa kasi, bila mdundo, acha mara moja kupiga stata: huenda mkanda au cheni ya taiming, inayooanisha mwendo wa pistoni na valvu, imekatika au imeruka, na kuendelea kuzungusha kunaweza kukunja valvu.

Kama mdundo upo, kamilisha swali la mafuta. Usiamini geji. Mimina lita tano, hasa kama gari limelala kwenye mteremko. Kisha fungua kifuniko cha tenki, mtu aweke ON, wewe tega sikio. Magari mengi pampu huunguruma sekunde mbili halafu hunyamaza. Toyota nyingi hazifanyi hivyo: pampu huanza tu stata inapozunguka. Nimeona watu wakihukumu pampu nzima kwa sababu hawakusikia kitu kwenye ON. Kwa hiyo sikiliza mtu akipiga stata, au shika tenki kwa kiganja uhisi mtetemo.

Pampu ikiwa kimya, kagua fyuzi ya EFI na rilei ya pampu, kisha pima umeme kwenye plagi ya waya ya pampu, ambayo kwenye magari mengi hufikiwa chini ya siti ya nyuma. Mtu apige stata: volti zikifika na pampu haizunguki, pampu imekufa. Zisipofika, pampu mpya nayo itakaa kimya vilevile. Zikifika na pampu inaunguruma, bado presha inaweza kuwa ndogo. Injini ya 1NZ-FE inataka psi 44 hadi 50, na kupima hilo kunahitaji geji ya fundi. Kama injini yako ni ya D4 (inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda), usifungue bomba la mafuta upande wa injini wewe mwenyewe. Presha yake inaweza kukujeruhi vibaya.

Njia fupi ya kujua mafuta au moto ni kuisoma plagi. Piga stata mara mbili, sekunde tano kila mara, ukipumzisha stata nusu dakika katikati. Ondoa koili moja, kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche (bolti ya 10), fungua plagi kwa soketi ya 16, injini ikiwa imepoa. Plagi iliyolowa na kunuka petroli inasema mafuta yanafika, moto ndio haupo. Plagi kavu inasema mafuta hayafiki. Zikiwa zimelowa zote kwa sababu umepiga stata sana, zikaushe, rudisha, kanyaga akselereta hadi chini bila kuachia, kisha piga stata: kwenye magari mengi kompyuta itafunga nozeli zinazopuliza mafuta, na hewa itakausha silinda.

Kupima moto, rudisha ile plagi uliyofungua. Chomoa waya za nozeli zote ili petroli isimwagike ndani. Chukua plagi ya akiba, ichomeke kwenye koili, bana chuma chake na chuma cha injini kwa waya imara, mbali na harufu ya mafuta. Usiishike kwa mkono. Koili inatoa makumi ya maelfu ya volti. Mtu apige stata sekunde mbili. Cheche ya bluu inayolia ndiyo unayoitaka.

Injini ya 1NZ-FE ina koili nne, moja kwa kila silinda, na ni nadra nne zote kufa usiku mmoja. Kwa hiyo silinda zote zikikosa moto, weka fedha ya koili mfukoni na uitafute sensa ya krenki, ile inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Dalili yake inayojulikana ni gari kuzima injini ikiwa imepata joto, kugoma, kisha kuwaka baada ya kupoa. Wakati wa kupiga stata tazama pia mshale wa RPM (kasi ya mzunguko wa injini): kwenye magari mengi hutikisika kidogo. Ukilala kabisa, sensa hiyo inapanda juu ya orodha ya washukiwa. Kupima gari kwa kompyuta mara nyingi kutatoa namba yake ya hitilafu, kama P0335, lakini ukosefu wa namba hiyo hauisafishi sensa.

Mafuta yapo, moto upo, na bado? Angalia kama panya hajajenga kwenye chujio la hewa, kisha mwite fundi apime kompresheni na taiming. Usisahau pia mafuta yenyewe. Gari likigoma kilomita chache baada ya kujaza, chota kidogo kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi, uache itulie. Maji hukaa chini, utauona mstari.

Gari lililopita kwenye maji

Kila masika, bonde la Jangwani hapa Dar na mabonde mengine hujaa maji, na magari huzimia katikati. Kama lako limezimia ndani ya maji, usipige stata hata mara moja. Maji yakiingia kwenye silinda hayabaniki kama hewa, na stata itakunja mkono wa pistoni. Livutwe likiwa N, lifunguliwe chujio la hewa. Likiwa limelowa, plagi zote zitolewe kwanza, ndipo injini izungushwe ili maji yatoke kwenye matundu. Kagua na oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage kabla ya kitu kingine chochote.

Dizeli

Dizeli haina plagi za cheche. Kwa Hiace na Hilux za zamani, washukiwa wakubwa ni hewa kwenye njia ya mafuta, maji kwenye chujio, na ile swichi ya umeme inayofungulia mafuta kwenye pampu. Bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya chujio mpaka iwe ngumu, kisha piga stata. Ikibaki laini daima, tafuta panapovuta hewa. Plagi za kupasha moto zinahusika zaidi na asubuhi za Njombe na Mbeya kuliko za Dar. Na usinyunyizie dawa ya kuwashia kwenye dizeli yenye plagi hizo. Inaweza kulipuka kabla ya wakati na kuvunja injini.

Ukimpigia fundi

Mwambie ulichoona, siyo unachohisi: "Fundi, ni IST, stata inazunguka vizuri, cheki injini inawaka nikiweka ON, plagi ni kavu, sisikii pampu hata nikipiga stata, fyuzi ya EFI ni nzima." Fundi mzuri akisikia hivyo atakuja na mita na geji ya presha, na atajua aanzie wapi. Akisema kifaa fulani kimekufa, omba akuoneshe kipimo: volti ngapi, presha ngapi. Na spea ya zamani idai, irudi mkononi mwako. Ile stata yangu ya kwanza niliidai. Ya mtumba ilipochakaa, nikairudisha ile ya kwanza, na ndiyo inayowasha gari hadi leo.